Kiti cha Upande wa Pili

Elieshi alipoingia ukumbini alimtafuta Zulfikar kwa macho kabla hata hajatafuta mahali pa kutundika koti lake. Ndivyo alivyokuwa tangu amjue. Popote penye watu, jicho lilimtangulia kwenda kumsaka mtu wake, na likishampata, mwili mzima ulitulia. Jioni hiyo ya Oktoba lilimpata upesi. Zulfikar alikuwa amekwisha kaa jukwaani, kavaa ile suti ya rangi ya majivu ambayo Elieshi mwenyewe alimchagulia, mikono ameikunja juu ya meza.

Ila meza haikuwa yake.

Jukwaa lilikuwa na meza mbili. Ya kushoto ilikuwa ya wanaounga mkono mkataba wa nyuklia na Iran, uliofikiwa kiangazi cha mwaka ule. Ya kulia ilikuwa ya wanaoupinga. Chama cha wanafunzi wa chuo chao ndicho kilichoandaa mdahalo, na majina yalikuwa yamepangwa zamani: Elieshi na Zulfikar, pamoja, kushoto. Wiki nyingi walikuwa wamejiandaa, kila Jumamosi, kwenye mgahawa mmoja pale Barking, mashariki mwa London, wakibishana mpaka chai inapoa, mmoja akijifanya adui na mwingine akijibu. Sasa Zulfikar amekaa kulia.

Elieshi alidhani amekosea. Akacheka peke yake, akapanda jukwaani, akamwinamia na kumwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kama walivyozoea mbele za watu, "Umekalia kiti cha wenyewe. Hama kabla hawajaja."

Zulfikar hakumtazama usoni. Alitazama kifungo cha koti lake.

"Sijakosea, Eli," alisema. "Nitakueleza baadaye."

"Utanieleza nini?"

"Baadaye. Nakuomba."

Nyuma yake Elieshi akasikia mtu akikohoa. Alikuwa profesa mmoja mstaafu, Surinder, Singasinga aliyezaliwa Nairobi, mwenye kilemba cha buluu na Kiswahili cha zamani kilichochakaa kidogo. Alimwambia kwamba asubuhi ile alipigiwa simu aje akae naye, kwa sababu mwenzake amehama. "Mimi nilifikiri wewe najua, mama," alisema, na alipomwona uso wake akatamani angenyamaza.

Elieshi akaketi. Moyo wake ulikuwa ukijitetea. Ukamwambia, labda wamemlazimisha. Labda upande wa pili walikosa mtu. Kuhama meza siyo kuhama mapenzi. Lakini siku nne zilizopita simu ya Zulfikar ilikuwa haipokelewi, na alipokea mara moja tu, akasema ana kazi nyingi. Sasa Elieshi alizijua kazi zenyewe.

Elieshi alikuwa binti wa Kipare, mzaliwa wa Same, aliyekuja London kwa ufadhili kusomea uhusiano wa kimataifa. Alipanga chumba Barking, nyumbani kwa Jedidah, nesi Mkenya aliyemlea kama mdogo wake. Zulfikar alizaliwa Wembley, London hiyohiyo. Wazazi wake walikuwa Makhoja wa Unguja, Waislamu wenye asili ya Kihindi, waliohama visiwani wakiwa watoto miaka michache baada ya Mapinduzi, na baadaye wakafungua duka la viungo na matunda makavu ambalo hadi leo lilikuwa na harufu ya iliki hata barazani. Mama yake, Bi Sherbanu, aliwakataza wanawe kumsemesha kwa Kiingereza. Kwa hiyo siku Zulfikar alipomwona Elieshi maktabani anasoma gazeti la nyumbani kwenye kompyuta, akainama na kumuuliza, kwa lafudhi ya Unguja kama kashuka jana, "Ati bibie, huko kwetu kumekuchaje?" Elieshi aliangua kicheko hadi mkutubi akamtazama kwa jicho kali.

Mapenzi yao yaliingia kwa mlango huo. Kiingereza kilikuwa lugha ya viza, ya mitihani, ya meneja na dereva wa basi. Kiswahili kilibaki chao wawili. Kwa Kiswahili waliitana, waligombana, walipatana. Elieshi alizoea kufikiri kwamba mtu hawezi kumdanganya kwa lugha ile, kama vile mtu hawezi kumdanganya mama yake.

Vikwazo vilikuwepo. Mama yake Elieshi alikuwa Mlutheri wa kwaya na hakutaka kusikia habari za Mwislamu. Bi Sherbanu naye alimwita Elieshi Wembley siku moja, akamkirimu kwa vitumbua na chai ya zafarani, na huku akimmiminia kikombe cha pili akamwambia kwa upole kabisa kwamba yeye ni binti mzuri, na kwamba Zulfikar ataoa ndani ya jamaa yao. Elieshi alilia ndani ya treni njia nzima. Zulfikar akamfuta machozi, akamwomba subira. Alisema atapata kazi yake mwenyewe, mbali na duka la baba, na siku hiyo hapatakuwa na mtu wa kumwambia aoe wapi.

Naye Elieshi akasubiri.

Mwenyekiti alipofungua mdahalo, Elieshi ndiye aliyesimama kwanza. Alisema watu husahau jambo moja jepesi, kwamba rafiki huandikiani naye mkataba wa namna hii. Mkataba ni wa adui. Alieleza namna Iran ilivyokubali kupunguza mashine zake za kurutubisha urani na kuwafungulia wakaguzi milango, nayo mataifa yakakubali kuiondolea vikwazo. Akakiri kwamba majirani wa Ghuba wana hofu, na wana haki ya kuwa na hofu. "Lakini anayeogopa moto wa jirani," alisema, "ndiye wa kwanza kutaka moto huo uwe na mtu wa kuuangalia."

Watu walimsikiliza. Safu ya mbele walikuwapo wageni wa heshima, wanaume wawili waliovaa suti nzuri ambao hakuwajua, na mmoja wao alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Karibu nao aliwaona wazazi wa Zulfikar. Bi Sherbanu alikuwa amejitanda mtandio wa zambarau, mkoba mapajani, mgongo wima.

Ilipofika zamu yake, Zulfikar alisimama akafunga kifungo cha koti. Alianza kwa adabu. Alimsifu mwenzake. Alisema, kwa Kiingereza chake kile safi cha shule, kwamba mkataba huu umehesabu urani gramu kwa gramu na haukuhesabu roketi hata moja. Fedha zitakazorudi vikwazo vikiondolewa hazitabaki Tehran. Zitakwenda Syria, zitakwenda Lebanon, zitakwenda Yemen. Hadi hapo Elieshi hakuona ubaya. Ilikuwa hoja nzuri. Alikuwa ameisikia mgahawani, na majibu yake alikuwa nayo.

Kisha Zulfikar akawatazama wale wanaume wa safu ya mbele. Akaendelea.

"Wala msinisikilize mimi," alisema. "Yuko mtu hapa jukwaani anayelijua jambo hili kuliko mimi. Kaka yake Elieshi anaitwa Protas. Ni fundi umeme katika mji mmoja wa Saudia, mpakani na Yemen. Majira ya kuchipua mwaka huu roketi ilitoka ng'ambo ya mpaka ikaangukia bweni la wafanyakazi. Protas hana mguu leo. Na siku mkataba huu ulipotangazwa, wengine wakisherehekea, dada yake alilia mbele yangu, akaniambia kwamba angepewa kalamu angesaini wapigwe mabomu wote, wao na watoto wao. Hayo ndiyo aliyonayo moyoni. Haya aliyowaambia jioni hii ameyasoma vitabuni."

Elieshi hakusikia uchungu mara moja. Alisikia kwanza ajabu. Maneno yale aliyasema kwa Kiswahili. Aliyasema Julai, kwenye benchi katika bustani ya abasia, nyumba ya zamani ya watawa, pale Barking, kichwa chake kikiwa kifuani mwa Zulfikar. Hakuwa amemwambia mtu mwingine duniani. Protas alimpigia yeye peke yake kutoka hospitali na kumwapisha asimwambie mama, kwa kuwa mama ana presha. Mama aliambiwa kwamba mwanawe aliteleza kwenye ngazi akavunjika mguu, na anaendelea vizuri. Miezi yote Elieshi alikuwa amebeba siri ile peke yake, na siku ile ikamshinda. Akayatoa yote, hata lile neno la mabomu ambalo lilimtisha mwenyewe likiwa bado mdomoni. Zulfikar alimkumbatia akamwambia, "Sijasikia kitu. Limeingia kwangu, limekufa."

Sasa limefufuka, limevaa Kiingereza, na kamera ya chama cha wanafunzi inalirusha mtandaoni wakati huohuo kwa yeyote anayetaka kutazama.

Profesa Surinder alimsogelea akamnong'oneza kwamba atajibu yeye. Elieshi akatikisa kichwa. Alisimama, akashika ukingo wa meza.

"Ni kweli," alisema. "Nilisema hivyo. Nilimwambia mtu niliyemwamini, na leo mmejua ni nani. Siku ile nilitaka watu nisiowajua wafe kwa ajili ya mguu wa kaka yangu. Sikuwa natania. Na ng'ambo ya mpaka ule yuko dada mwingine, ndege zimeangusha nyumba yao na kaka yake yumo ndani, naye anaomba nife mimi. Mkituachia kalamu sisi wawili, hatabaki mtu. Ndiyo maana nataka ishikwe na wale waliokaa chumbani miezi na miezi wakibishana vifungu. Mwenzangu anadhani amewaonyesha kwamba siuamini mkataba huu. Amewaonyesha kwa nini ninauhitaji."

Akaketi. Makofi yalipigwa, tena mengi, wengine wakasimama. Kisha kura zikapigwa kwa kuinua mikono, na meza ya kulia ikashinda. Walimpigia yeye makofi, kura wakampa Zulfikar. Elieshi hakungoja kupeana mikono.

Zulfikar alimkuta ukumbi wa nje, karibu na mashine ya kahawa, akihangaika na mkono wa koti uliogeuka ndani nje.

"Eli, nisikilize."

"Nakusikiliza."

"Wale wageni wawili wa mbele wanatoka taasisi moja ya utafiti. Wanafungua ofisi Dubai. Wananitaka. Walisema wanataka kuniona nikisimamia upande ule, kwamba upande huu kila mtu wa chuo anausema. Walinipigia wiki iliyopita tu."

"Na ukakubali."

"Nimefanya kwa ajili yetu. Kazi ile nikiipata, baba hana la kunitishia, mama hana la kusema. Nakuoa mwezi wa tatu, tunakwenda zetu. Hukutaka hivyo?"

Elieshi alifanikiwa kuingiza mkono. Akafunga vifungo vyote, kimoja kimoja, kwa sababu hakutaka kumtazama bado.

"Kuhama meza ungeniambia tu," alisema. "Ningekupinga kwa raha. Tungetoka hapa tunacheka. Sikulilii kiti, Zulfikar. Nakuuliza habari ya Protas."

Zulfikar alipitisha kiganja usoni. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka, na Elieshi akajua kwamba sasa anasema kweli, na akatamani asingeisema.

"Ulikuwa unashinda. Niliwaona wanavyokutazama. Yule mmoja alikuwa anakutikisia kichwa wewe. Nikatafuta neno la kusema, na lililonijia ni hilo."

"Halikukujia. Nilikupa."

"Nilikosea."

"Ulimtaja jina, Zulfikar. Ungeweza kusema mtu mmoja, kaka wa mtu fulani. Ukamtaja jina."

Zulfikar alinyoosha mkono kumshika bega, na mwili wa Elieshi, ambao kwa mwaka mzima na zaidi ulikuwa ukiusogelea mkono ule kabla haujafika, ukarudi nyuma wenyewe. Wote wawili waliona. Hakuna lililomuumiza Elieshi usiku ule kama hilo.

Mlango wa ukumbi ukafunguliwa, baba yake Zulfikar akatoka akitabasamu, akimwita mwanawe aje apigwe picha na wageni. Nyuma yake alisimama Bi Sherbanu. Alimtazama Elieshi, kisha akamtazama mwanawe. Zulfikar alisita. Kisha akamwambia Elieshi anakuja sasa hivi, amngoje dakika moja tu, akaingia ndani.

Elieshi hakumngoja.

Asubuhi, Jedidah alirudi kutoka shifti akamkuta Elieshi amekaa jikoni na nguo za jana. Aliulizwa, akaeleza. Jedidah hakumkatiza hata mara moja, jambo lisilo la kawaida kwake. Alivua viatu, akaweka maji ya uji jikoni, akasema tu, "Huyo amekuuza, dadangu. Na si ati alikuwa na njaa."

Simu ya Same ilikuja kabla uji haujaiva. Mwalimu wa kwaya anayejua Kiingereza alikuwa ametumiwa ile video na jamaa wa Dar es Salaam, na kwa nia njema au mbaya akaenda nayo hadi kwa mama. Elieshi alijiandaa kwa kilio, au kwa laana. Mama hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza kama ni kweli. Elieshi akasema ni kweli. Nyuma yake jogoo akasikika akiwika.

"Ni mguu upi?" mama akauliza.

"Wa kulia, mama."

"Umekatiwa wapi?"

"Chini ya goti."

"Na nimekuwa nikimwambia kila Jumapili asiukalie, auzoeshe kutembea," mama alisema. "Naye ananiitikia, ndiyo mama." Kisha akasema anakwenda kujilaza, na simu ikakatika. Elieshi aliinamia meza akalia kwa sauti, na Jedidah akamshika mgongo mpaka akamaliza.

Jioni yake Protas akapiga simu. Huyo ndiye ambaye Elieshi alimwogopa kuliko wote.

"Nilikuambia wewe peke yako," Protas alisema.

"Najua. Nisamehe."

"Ulimwambia kwa nini?"

Elieshi alitafuta sababu ya maana, akakosa. "Nilimpenda," alisema.

Protas alivuta pumzi. Alikuwa mkubwa wake kwa miaka mitatu, na tangu utotoni alikuwa mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kusamehe. "Basi wewe hukumwambia mtu," alisema mwishowe. "Ulijiambia mwenyewe. Yeye ndiye aliyewaambia watu." Akaongeza kwamba mama ameshazungumza naye, amemfokea nusu saa nzima, na kwamba kusema kweli amepumzika. Uwongo ule ulikuwa umemchosha kuliko magongo ya kutembelea. Mwezi ujao anarudishwa nyumbani. Elieshi akasema atakuja Same kumpokea.

Zulfikar alipiga simu siku zile zote. Aliandika ujumbe mrefu, aliandika mfupi, alituma maua ambayo Jedidah aliyapokea mlangoni akayapeleka moja kwa moja kwa jirani. Na isieleweke kwamba Elieshi alikuwa jiwe. Kila simu ilipolia, moyo ulimruka kwa furaha ya mazoea, kisha ukakumbuka. Mchana aliweza. Ila mbele ya ule mgahawa wao hakupita; alizunguka mtaa wa pili.

Jumapili alasiri kengele ya mlango ililia. Elieshi alifungua akidhani ni jirani. Alikuwa Bi Sherbanu, peke yake, na mtandio wake wa zambarau, mkononi kashika kopo la biskuti lililofungwa kwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimebadilisha treni mara mbili na nimepotea mara moja. Utaniacha hapa kwenye baridi?"

Alimkaribisha jikoni. Bi Sherbanu alitazama masufuria ya Jedidah, kalenda ya kanisa ukutani, nguo zilizoanikwa juu ya rejeta ya kupashia joto, akaketi kama aliyefika kwa watu anaowajua. Elieshi alimpikia chai.

"Hajui kama nimekuja," Bi Sherbanu alianza. "Nimekuja kukutaka radhi kwa niaba ya nyumba yangu. Siku ile ukumbini nilitaka ardhi ipasuke. Mie Kiingereza changu cha dukani, lakini lile nililifahamu."

"Si kosa lako, mama."

"Sijasema kosa langu. Nimesema nyumba yangu." Alinywa funda moja. "Nikwambie jambo. Wakati tuko Unguja, baada ya Mapinduzi, baba yangu alikuwa anatafutwa. Alijificha kwa shangazi yake. Jirani yetu mmoja alikuwa anajua. Mtu wa kwetu yule, kila Ramadhani akifuturu na sisi, mie akinibeba begani. Akaenda akasema baba yupo wapi. Hakutuchukia, mwanangu. Alitaka kazi bandarini, na waliompa kazi walitaka neno la kuonyesha kuwa ni mwenzao. Baadaye alikuja kumtaka radhi mama. Alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli."

"Baba alirudi?"

"Alirudi. Ila tangu siku ile alikula peke yake, chumbani. Wageni wakija, hata huku Wembley, anasalimu, anasema kashiba. Mpaka kufa."

Elieshi alikuwa ameshika birika bila kumimina.

"Mie nilikukataa, nisikufiche," Bi Sherbanu aliendelea. "Nilikukataa kwa dini, na kwa rangi vilevile, na Mungu ananiona. Nilikuwa nimeshajipangia nitakavyomkatalia mpaka achoke. Sasa wiki nzima anazunguka ndani, hali, analia, anasema ile kazi haitaki tena. Baba yake ananambia, basi mwache amuoe. Nikaona nije mwenyewe kabla hujapata huruma. Mwanangu nampenda. Lakini ningekuwa na binti wa kuozesha, nisingempa Zulfikar. Hajawa mtu wa kuwekewa kitu. Huenda atakuja kuwa. Wewe usikae kungoja."

Kabla Elieshi hajajibu, simu iliyokuwa mezani kati ya vikombe ikaanza kutetemeka. Jina lilijitokeza, na picha yake Zulfikar akicheka. Wote wawili waliitazama. Bi Sherbanu akageuza uso dirishani.

Elieshi aliipokea.

"Eli," Zulfikar alisema upesi, kama aliyekwisha kata tamaa kwamba itapokelewa. "Nimeikataa ile kazi. Nimewaandikia leo. Na baba amekubali. Unasikia? Amekubali, tukuletee posa. Kila tulichokitaka kimefika."

Mwezi mmoja nyuma maneno yale yangemwinua Elieshi kutoka kitini. Aliyasikiliza mpaka mwisho. Alishangaa jinsi alivyoipenda bado sauti ile, na jinsi ilivyokuwa haimsaidii.

"Nimefurahi umeikataa," alisema. "Umefanya vizuri."

"Basi nije?"

"Hapana, Zulfikar."

"Unanipenda?"

"Ndiyo."

"Sasa?"

"Nikiwa na wewe nitakuwa nachagua maneno. Nikiumwa nitapima kwanza nikwambie kiasi gani. Nikiwa na hofu nitaimeza. Nitaishi na wewe kama tuko kwenye zile meza mbili, kila mtu na wakaguzi wake. Watu wanaweza kuishi hivyo, nchi zinaishi hivyo, na ni afadhali kuliko vita. Ila mimi sikutaka mkataba na wewe. Nilitaka kulala usingizi."

Alimsikia akilia. Hakuikata simu. Alimngoja, kwa sababu alimpenda, na kwa sababu ndiyo mara ya mwisho. Zulfikar alipotulia alimwuliza kama anaweza kumpigia siku moja, si sasa, siku moja. Elieshi akasema hapana, kwa upole, akamtakia heri, akaiweka simu chini.

Bi Sherbanu alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Mwanawe ndiye aliyekataliwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeomba akataliwe, na uchungu wa mambo hayo mawili ulikuwa umekaa usoni pake waziwazi. Elieshi alimmiminia chai nyingine. Walikunywa, wakala biskuti za kopo lile, ambazo zilikuwa za nazi na zimeungua kidogo pembeni.

Giza lilipoanza kuingia alimsindikiza hadi kituo cha Barking. Njiani Bi Sherbanu alimuuliza habari za Same, kama kuna baridi, kama mama yake anajua kupika wali wa nazi, na Protas atatumia dawa gani. Alimshika mkono kuvuka barabara, au Elieshi ndiye aliyemshika yeye, haikujulikana. Mbele ya mageti ya kituo akasimama, akampapasa shavu.

"Ungekuwa mkwe wangu," alisema, "ningekuonea sana."

"Najua, mama."

"Kila siku ningekutafutia sababu."

"Najua."

Wakacheka, wote wawili, katikati ya watu waliokuwa wakiwapita na mifuko yao ya sokoni. Bi Sherbanu akapita getini, hakugeuka nyuma. Elieshi alisimama pale mpaka mtandio wa zambarau ukapotea ngazini, kisha akarudi nyumbani kwa miguu, polepole, akilia njia nzima, na hakujificha.